Wikendi Moja Juu ya Reli Iliyong'olewa: Baiskeli Kutoka Deal Hadi Ohiopyle

Majira ya joto yakikaribia, simu yangu huanza kulia. Ni watu wetu wa hapa Pittsburgh: Wakenya, Wakongo wa Uvira na Bukavu, mara moja moja Mtanzania, na swali lao ni lile lile. Dada, ile safari yenu ya baiskeli kule milimani, na mimi nitaiweza? Nawajibu kwamba wataiweza, mradi waipange kwa mwinuko, si kwa kilomita. Haya ndiyo maelezo ninayowapa. Nimeyaweka yote pamoja ili anayetaka kwenda aende bila kunisubiri mimi na zamu zangu za usiku.

Njia yenyewe inaitwa Great Allegheny Passage. Inaanzia Point State Park, pale mito miwili inapokutana katikati ya jiji la Pittsburgh, na inaishia Cumberland, Maryland, kilomita 240 kutoka hapo. Haina magari wala pikipiki, na hulipi kiingilio. Sehemu ninayoizungumzia ni ya milimani, ambako kampuni ya Western Maryland Railway ilitandika reli kutoka Cumberland hadi Connellsville na kuifungua mwaka 1912. Bonde hilo tayari lilikuwa na reli nyingine, ya Baltimore and Ohio. Kampuni zote mbili zilipoishia mikononi mwa mmiliki mmoja, hakukuwa na haja ya kutunza reli mbili zinazokwenda mahali pamoja, na mwaka 1975 ile ya Western Maryland ikaachwa. Chuma kiling'olewa, mataruma yakaondolewa, tuta likabaki. Kipande cha kwanza cha baiskeli kilifunguliwa karibu na Ohiopyle mwaka 1986. Kazi ya kuunganisha vipande, nyingi ikifanywa na watu wa kujitolea, ilichukua miaka mpaka 2013, njia ilipoingia katikati ya jiji.

Panga kwa mwinuko

Mimi ni mtoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia, na alitufundisha kwamba treni nzito haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko mwingi. Mwinuko wa mita moja kwa kila mita hamsini ni kazi kubwa kwa treni ya mizigo. Ndiyo maana wahandisi huuzunguka mlima, hukata mwamba, hutoboa handaki, hujenga daraja refu juu ya bonde, ili mradi njia ipande polepole. Tuta walilotuachia limeshasawazishiwa miguu yetu.

Lakini upole huo haulingani kila upande, na hapa ndipo watu wanapochoka bure. Kilele cha njia kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari, mahali panapoitwa Eastern Continental Divide. Ukitokea Cumberland, kilele kiko kilomita 38 tu, na unapanda zaidi ya mita 530 bila mahali pa kupumua. Ukitokea Pittsburgh, kimo kinachokaribia hicho kimetandazwa kwenye kilomita 203, na kwa sehemu kubwa hutahisi kama unapanda. Mtu akikuambia ameendesha kilomita 38 na akachoka hoi, muulize alikuwa akielekea wapi kabla ya kumwona dhaifu.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nawapeleka watu hivi: tunaanzia Deal, kituo kidogo upande wa magharibi wa kilele. Tunapanda kidogo kwenda kuona kilele na handaki kubwa, tunageuka, halafu tunashuka na mto mpaka Confluence. Tunalala hapo. Jumapili tunamalizia Ohiopyle. Jumamosi ni kama kilomita 70, Jumapili ni 17 tu. Kutoka kileleni hadi Confluence njia inashuka kama mita 300, zilizogawanywa kwenye kilomita 61. Ni mteremko mdogo ambao macho hayauoni lakini mapaja yanaujua.

Asiyejiamini aanzie Meyersdale badala ya Deal. Atakosa handaki kubwa, lakini Jumamosi yake itakuwa kilomita 48 na madaraja mazuri yote yaliyobaki atayapata. Kipimo changu ni hiki: kama unaweza kuendesha kilomita 25 Jumamosi, na Jumapili ukaamka ukaendesha 25 nyingine bila kulalamika makalio, uko tayari. Fanya hivyo kwenye njia za kando ya mto hapa mjini wikendi chache kabla ya safari.

Usafiri ni hivi. Kutoka Pittsburgh hadi Ohiopyle kwa gari ni takriban saa moja na nusu. Acheni magari huko, kisha mkodi gari la kupeleka watu na baiskeli hadi Deal. Wapo wanaofanya kazi hiyo katika miji ya njiani. Weka nafasi mapema, maana wikendi za Oktoba hujaa. Uliza pia ni maegesho gani yanayoruhusu gari kulala, kwa sababu mengine ni ya mchana tu. Faida ya kuacha gari mwisho wa safari ni kubwa: Jumapili hakuna anayekusubiri, na pancha ikikuchelewesha hakuna anayekupigia simu kwa hasira.

Baiskeli na mavazi

Huhitaji baiskeli ya bei. Unahitaji tairi pana. Njia imewekwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, hivyo tairi nyembamba ya mashindano huzama mvua ikinyesha. Upana wa milimita 35 au zaidi unatosha. Usijaze upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe: kila kokoto itakupiga mgongoni. Bonyeza kwa dole gumba. Ikibonyea kidogo, basi. Wenye miili mizito waongeze kwenye tairi la nyuma.

Kisha kiti. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke sawasawa. Watu wengi ninaowaona hapa wameketi chini mno, magoti yakija kifuani, na jioni wanashika magoti wakidhani ni uzee. Pandisha kiti, na nusu ya maumivu inaondoka. Nusu nyingine ni gia: tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu. Kwenye mteremko huu mdogo utashawishika kuweka gia nzito ukimbie. Vumilia, kuna kilomita nyingi mbele.

Sasa nazungumza na kina mama wenzangu. Mama mmoja wa Uvira aliniambia wazi, "Mama, zile suruali za kukaza mimi siwezi vaa." Nikamwambia, "Mama, si lazima." Alivaa suruali pana ya pamba, akaibana mguu wa kulia kwa utepe wa mpira upande wa cheni, na kikwembe chake akakifunga kifupi juu yake. Tulimtafutia baiskeli yenye fremu iliyoinama, ya kupandia bila kurusha mguu juu, na yenye kifuniko cha cheni. Dera au buibui refu bila kupandishwa ni hatari ya kweli: kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoku za nyuma, baiskeli husimama ghafla na wewe huendelea. Pandisha, funga, halafu zungusha pedali ukiwa umesimama uone kama kuna kinachogusa. Hijabu ya kitambaa chepesi kisichoteleza inakaa vizuri chini ya kofia ngumu. Legeza mikanda ya kofia kwanza kisha uikaze ukiwa umeshaivaa.

Kaptula zenye pedi huvaliwa bila chupi ndani. Huwa naona aibu ya watu ninapolisema hili, lakini mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Paka mafuta ya mgando mahali pote pa msuguano kabla hujaondoka, si baada ya kuanza kuumia. Kaptula hiyo unaweza kuivaa chini ya suruali yako pana, hakuna atakayejua.

Beba taa ya mbele na ya nyuma hata kama utaendesha mchana. Nitaeleza kwa nini. Beba tyubu mbili za saizi yako, viraka na solusheni, pampu, vijiti vya kutolea tairi, seti ndogo ya spana, koti jepesi la mvua, na chupa mbili za maji. Mizigo iweke kwenye keria, si mgongoni. Begi la mgongoni la kilo nne saa mbili asubuhi huwa la kilo kumi saa tisa alasiri.

Chakula

Maduka ya njiani ni machache na mengine hufungwa mapema. Sisi tunabeba chetu: chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi kidogo, na kashata za karanga. Kashata hazina mpinzani kwenye baiskeli. Zina sukari ya haraka na mafuta ya karanga yanayokaa, haziyeyuki kwenye jua, na kipande kimoja kinaingia mfukoni. Kula kidogo kila baada ya saa moja, hata kama huna njaa. Anayengoja njaa imkamate huwa amechelewa. Miguu hulegea ghafla na mood huharibika, na hapo ndipo ugomvi wa ndugu huanza njiani.

Maji: jaza kila unapopata bomba. Deal ina maegesho na choo tu, usitegemee kununua kitu pale. Kati ya Rockwood na Confluence ni kilomita 29 za msitu na mto, na mtandao wa simu hukatika katika sehemu nyingi za bonde. Pakua ramani kwenye simu kabla, na mkubaliane mahali pa kukutana.

Jumamosi: kilele, handaki, madaraja

Tukishuka kwenye gari pale Deal, tunageuza baiskeli upande wa mashariki, tunapanda. Ni kilomita mbili tu kufika kileleni, na watu wakifika wanauliza kilele kiko wapi, maana hakuna genge wala jabali. Ni kivuko kifupi chini ya barabara, na ukutani mwake umechorwa mchoro wa mwinuko wa njia yote kutoka Pittsburgh hadi Cumberland. Simama hapo uusome. Upande mmoja mstari unapanda taratibu sana, upande wa pili unaanguka. Mpango mzima wa safari yako uko kwenye ukuta huo. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa hapo huishia ghuba ya Chesapeake na bahari ya Atlantiki. Inayonyesha upande wa magharibi huenda mto Ohio, kisha Mississippi, mpaka ghuba ya Meksiko. Sisi tutarudi na maji ya magharibi.

Mbele kidogo ni Big Savage Tunnel, handaki la mita 1,004. Lina taa ndani, lakini washa zako pia, ili anayekuja mbele akuone na ili uone madimbwi. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia. Vaa koti, hata mwezi wa Julai: baridi ya humo inakupokea mlangoni, na matone ya maji hukudondokea shingoni kutoka kwenye dari. Endesha polepole upande wa kulia, na mwenye macho yanayochelewa kuzoea giza ashuke atembee hatua chache. Tukiwa na watoto tunaimba humo ndani, na sauti hurudi kwetu kama kwaya ya kanisa kubwa.

Unapotokea upande wa pili, mlima unafunguka. Unaona bonde baada ya bonde kuelekea Maryland. Kula kashata yako hapo na upige picha. Kilomita kadhaa chini yake kuna alama za mstari wa Mason na Dixon, uliopimwa kati ya 1763 na 1767 na ambao leo ni mpaka wa Pennsylvania na Maryland. Ni pazuri, lakini kumbuka: kila mita unayoshuka upande huo utaipanda ukirudi, na huu ndio upande mkali. Mwenye nguvu aende. Wengine tugeuke mlangoni pa handaki.

Jambo moja la kalenda: handaki hili hufungwa wakati wa baridi, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa ajili ya barafu. Usipange safari ya mapema mno bila kuhakikisha kwamba milango imefunguliwa.

Kutoka hapo ni kurudi Deal na kuteremka hadi Meyersdale, kupitia Keystone Viaduct, daraja lililopinda. Stesheni ya zamani ya Meyersdale, ya 1912, imetunzwa na sasa ni mahali pa wageni. Tunakula chakula cha mchana kwenye benchi zake. Mji huu ni wa watu wa miti ya maple, na mapema katika majira ya kuchipua huwa na tamasha lao. Chupa ndogo ya sharubati ya maple ni mzigo unaostahili, hata kama ni wa kioo.

Kisha Salisbury Viaduct. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba ningewaleta watu mpaka hapa hata kama hakungekuwa na kitu kingine. Ni daraja la mita 582, juu kama mita 30 kutoka bondeni, na unalivuka kwa baiskeli ukiona mto Casselman chini yako, barabara kuu chini yako, na reli inayofanya kazi mpaka leo chini yako. Juu ya vilima mitambo ya umeme wa upepo inazunguka. Mkiwa na bahati, treni ya mizigo inapita chini, mabehewa hayaishi. Upepo wa kando huwa mkali katikati ya daraja: shika usukani kwa mikono miwili, na anayetaka kupiga picha asimame kwanza, asogee ukingoni.

Kila nikivuka namfikiria baba. Reli aliyoitunza, ile iliyotoka Mombasa na kufika ziwani mwaka 1901, ilipofika milima ya Mau ilihitaji madaraja 27 ya chuma, na kazi hiyo walipewa American Bridge Company, wafundi kutoka Marekani hii hii. Mji wa Ambridge, ulio kando ya mto Ohio chini kidogo ya Pittsburgh, ulijengwa na kampuni hiyo na ukapewa jina lake. Natoka kwenye reli za Mau nikaishia kuishi jirani na mji wa waliojenga madaraja yake, na Jumamosi naendesha baiskeli juu ya daraja la ukoo huo huo wa chuma. Hata kama wewe hukuzaliwa landhi, simama katikati utazame misumari mikubwa ya chuma iliyopigwa safu kwa safu kwenye nguzo. Kila mmoja ulipigwa ukiwa moto.

Baada ya hapo njia inafuata mto Casselman, na kazi yako ni kuzungusha miguu. Tazama kando: bado zimesimama nguzo fupi zenye herufi W, zilizomwambia dereva wa treni apige honi. Garrett, kisha Rockwood, ambako unajaza maji na kupata kitu cha moto ukifika kabla hawajafunga. Mbele ya Markleton mto unajikunja sana, na reli ilikataa kuufuata: ilivuka daraja, ikatoboa Pinkerton Tunnel ya mita 259, ikavuka daraja jingine. Handaki hilo lilifunguliwa kwa baiskeli mwaka 2015. Kabla ya hapo ilibidi kuzunguka. Ni fupi na mwanga wa mwisho unauona tangu mlangoni, lakini taa washa.

Adabu ya njia ni nyepesi: kaa kulia, pita kushoto, piga kengele au sema mapema kabla hujamfikia mtu. Mkiwa wengi, msiende wanne sambamba. Kukiwa na farasi, punguza mwendo na uongee, ili mnyama ajue wewe ni binadamu.

Pancha

Itatokea, na haina haja ya kuwatia watu hofu. Geuza baiskeli, toa gurudumu, toa upande mmoja wa tairi kwa vijiti, vuta tyubu. Mafundi wa kwetu wangeleta karai la maji. Hapa njiani jaza tyubu upepo na uipitishe polepole karibu na midomo au shavu. Ngozi ya hapo husikia hata tundu la sindano. Weka alama. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi mzunguko mzima, taratibu, mpaka uguse mwiba, kioo au waya ulioleta shida, na uutoe. Watu wanaosahau hatua hii hubadilisha tyubu mara mbili kwa shimo moja. Jaza upepo kidogo tyubu iwe na umbo, iingize, rudisha tairi kwa viganja ukimalizia kwenye valvu, hakikisha tyubu haijabanwa, halafu jaza. Ile iliyotoboka izibe jioni ukiwa umetulia.

Wafundishe watoto wenu na wake zenu kazi hii nyumbani kabla ya safari. Kwenye kundi letu shemeji yangu alikuwa akiita wanaume kila tairi likilia. Siku hizi anamaliza kabla wengine hawajafungua begi.

Usiku Confluence

Confluence ni mji mdogo ambako mito mitatu inakutana: Casselman, Laurel Hill Creek na Youghiogheny, ambao wenyeji hutamka kama Yokageni. Kuna nyumba za wageni na uwanja wa mahema chini ya bwawa la mto. Weka nafasi kabla, na uliza mambo mawili: baiskeli zitalala wapi, na kama kuna jiko. Tukipata jiko tunapika ugali. Unga nusu kilo haumlemei mtu, na sukuma huja imeshakaangwa kwenye kopo. Baada ya kilomita 70 hakuna mkahawa unaoshinda sahani hiyo.

Maji yanayotoka bwawani hutoka chini, ni baridi sana hata kiangazi. Tumbukizeni miguu dakika chache kabla ya kuoga maji ya moto, pale pembeni pasipo na mkondo. Kisha mwoge, na mkague miili: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nywele za watoto. Kupe wa huku hubeba ugonjwa wa Lyme, na akitolewa mapema kwa kibano, bila kumminya, hatari hupungua sana. Ukiona wiki zinazofuata duara jekundu linapanuka kwenye ngozi, au homa, mwone daktari na umwambie ulikuwa msituni.

Jumapili

Asubuhi hii ndiyo ya starehe. Kilomita 17, mto uko kando yako karibu muda wote, na mwezi wa Juni maua ya laurel huwa meupe na ya waridi kandokando ya njia. Katikati ya Oktoba majani huwa mekundu na manjano, na hapo njia hujaa watu. Anza saa mbili asubuhi.

Ohiopyle utaisikia kabla ya kuiona. Maporomoko yana kama mita 6 tu, lakini mto mzima unaanguka kwa pamoja. Tazama ukiwa kwenye kingo zilizojengwa, usiingie majini pale, hata kama unaogelea vizuri. Mkondo wa chini yake umeua. Watoto wanaotaka maji wapeleke Meadow Run, ambako kijito kimechonga mwamba ukawa utelezi, na hata huko nenda wakati maji ni machache tu. Kabla ya kufunga baiskeli kwenye gari, endesha mpaka daraja la juu, High Bridge, upite nalo na kurudi. Unaona mto ukizunguka rasi ya Ferncliff na mashua za mpira zikihangaika mawimbini.

Wanaopenda majengo wana Fallingwater karibu, nyumba iliyobuniwa na Frank Lloyd Wright mwaka 1935 juu ya maporomoko, na iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019. Nendeni kwa gari, si kwa baiskeli: barabara ya huko ina milima mikali na magari ya kasi. Tiketi hununuliwa kabla.

Mkifika nyumbani, futeni vumbi la chokaa kwenye cheni jioni hiyo hiyo kwa kitambaa kikavu, kisha mtie mafuta tone moja kwa kila kiungo na mfute ya ziada. Vumbi hilo likikutana na unyevu huganda na kula cheni.

Na anayesema sasa anataka upande mkali, kuna treni ya Amtrak inayotoka Pittsburgh alfajiri kwenda Cumberland, mara moja kwa siku. Baiskeli lazima iwe na nafasi yake iliyolipiwa, na nafasi ni chache, kwa hiyo kata tiketi ya baiskeli pamoja na yako. Shuka Cumberland, kula vizuri, weka gia nyepesi kuliko zote na uanze kupanda kilomita 38. Njiani mpaka Frostburg njia imeegemea reli ya treni ya utalii, na kuna handaki moja, Brush Tunnel, ambalo baiskeli na treni hutumia pamoja. Ukisikia honi, usiingie. Subiri nje ipite, moshi uishe, ndipo uendelee.